Mwanaume Asiyetoka Mchana

Uvumi ule uliletwa na Mama Redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, asubuhi moja nikiwa nimeinamia suruali ya mteja, nanyoosha mikunjo. Mama Redio hana redio. Redio ni yeye mwenyewe, tena haina kitufe cha kuzima.

"Dobi, mwenzangu, wewe usiku unapata usingizi?" akaniuliza, kasimama mlangoni na beseni lake tupu kiunoni.

"Kwa nini nisiupate?"

"Haya. Mimi si mtu wa maneno, unanijua..."

"Sema tu, si umeshafika."

Akaingia ndani, akalitua beseni, akashusha sauti mpaka nikalazimika kuinua pasi nimsikie. "Mwanao anaonekana na mwanaume. Sasa si mwanaume hivi hivi. Huyo mtu hatoki mchana! Jua likiwepo, yeye hayupo. Likizama tu, huyo hapo, koti jeusi mpaka magotini, anamsubiri mwanao kwenye kona ya duka la dawa. Alfajiri watu wanaowahi kazini wanapishana naye anarudi kwake, uso mweupe kama kapakwa chokaa. Na chumba anachokaa, madirisha yote kayaziba kwa mablanketi. Niambie, mtu gani huyo?"

"Mtu mwenye baridi," nikasema.

"Haya, cheka. Mimi nimekwambia."

Kweli nilicheka. Lakini alipoondoka kicheko kikanikauka mdomoni. Niliukung'uta uvumi ule kama ninavyokung'uta shati kabla ya kulianika, haukutoka. Nikafua mashuka ya watu, nao umo ndani ya povu. Nikaanika, nao unaning'inia kwenye kamba pamoja na soksi.

Maana binti ninaye mmoja tu. Anauza kwenye duka la dawa, na jioni akirudi ndipo nyumba yangu inakuwa na sauti. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa, akafariki mtoto akiwa bado anavaa sare za shule. Mimi mwenyewe nimeishia darasa la saba, na kazi yangu ni hii ya kufua na kupiga pasi katika chumba cha mbele. Naandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu wenye mabinti, ili mjue hatari inavyoweza kuingia ndani ya nyumba ya mtu ikiwa imevua viatu, bila kusikika.

Dalili zilikuwepo, ila nilizifumbia macho. Mtoto alikuwa anaimba akiosha vyombo. Alikuwa anajichekea. Na juzi yake tu nilikuta kwenye bega la blauzi yake alama nyeupe, vidole kabisa, kama mtu aliyeshika poda akamgusa. Nikaifua nikanyamaza.

Siku ile sikunyamaza. Alipokwenda kazini niliingia chumbani kwake. Nisiwadanganye kwamba nilikuwa natandika kitanda. Niliinua godoro moja kwa moja, kama askari.

Chini ya godoro palikuwa na kitabu.

Kitabu kinene, kizito kama tofali. Juu yake pamechorwa jumba jeusi kwenye ncha ya mwamba, madirisha yake mekundu kama macho ya mtu aliyelia, na chini msichana kashika mshumaa, nywele zinapeperushwa na upepo. Nikajisemea, leo nimemkamata. Nikafungua ukurasa wa kwanza, hapo hapo nimesimama, nione dhambi iliyomo.

Jamani.

Kulikuwa na msichana asiye na baba wala mama, kaajiriwa kuwasha mishumaa katika Jumba Jeusi. Kazi yake ni hiyo tu, jua likizama apite vyumba vyote awashe. Na jumba lenyewe linapumua! Akipanda ngazi, ngazi zinahama. Ukutani kuna picha ya bibi wa kwanza wa nyumba ile, na picha inatoa machozi. Bustani ina maua yanayochanua kwenye barafu tu. Mwenye jumba, Bwana asiyeonwa na jua, hana kivuli, kivuli chake kiliibwa. Haingii chumba chochote mpaka aitwe mara mbili. Na hali chumvi, kwa sababu chumvi ikimgusa ulimi inamuunguza kama kaa la moto.

Nikajikuta nimeketi kitandani. Halafu nikaona niende nacho kazini, nisome huku napiga pasi. Mtu mwenye akili timamu kabisa, nikafanya hivyo.

Sasa ikafika pale msichana amesimama katika ukumbi wa giza, kibiriti kimeloa, anatetemeka, na Bwana yuko nje ya mlango anasubiri aitwe. Akamwita mara moja, sauti ikakatika. Akamwita mara ya pili. Bwana akaingia, akamtazama tu, na mishumaa ya ukumbi mzima ikawaka yenyewe!

"Weee!" nikasema kwa sauti, peke yangu.

Ndipo pua yangu ikaniambia. Shati jeupe la karani mmoja, mpole sana, lilikuwa na alama ya pasi mgongoni, rangi ya chai ya rangi. Nilimpa shati la marehemu lililokuwa halijavaliwa hata siku moja, nikamwomba radhi mpaka yeye ndiye akaanza kunibembeleza mimi. Lakini Mungu anisamehe, hata nikimwomba radhi roho yangu ilikuwa kule kwenye ukumbi wa mishumaa.

Basi ikawa ndiyo desturi. Mtoto akitoka, mimi nachomoa. Mtoto akikaribia kurudi, mimi nachomeka chini ya godoro, nakaa kwenye ndoo zangu kama mtu asiyejua lolote. Nilikuwa nafua haraka ili nipate kusoma. Nilikuwa naanika mashuka na mwili unanisisimka mchana kweupe, nawaza kilichomo ndani ya chumba kimoja ambacho Bwana alikuwa kakifunga na hataki msichana akikaribie. Sijapata raha ya namna ile tangu nikiwa msichana. Na katikati ya raha hiyo uvumi wa Mama Redio ukawa unakua. Koti jeusi. Madirisha yaliyozibwa. Hatoki mchana. Nilikuwa najua kabisa kwamba kile ni kitabu. Lakini kujua ni jambo moja, na moyo wa mama ni jambo jingine.

Jioni moja binti yangu akatoka chumbani kwake, kashika kitabu kifuani, kanikazia macho.

"Mama, ulikuwa unasoma kitabu changu?"

"Kitabu gani?"

"Mama."

"Mimi na vitabu wapi na wapi, mwanangu? Nina nguo za watu."

"Utepe wangu niliuacha kwenye sura ya dhoruba. Sasa uko kwenye chumba kilichofungwa."

"Labda umeteleza."

"Umeteleza ukaenda mbele? Umenipita sura nzima?"

Nikashika kola ya shati nikaanza kuikagua. "Nilikuwa nakagua kama kina mambo mabaya."

"Na umekagua mpaka chumba kilichofungwa."

"Nilitaka kujua kuna nini ndani."

Akanisogelea. Nikaona mdomo wake unacheza. "Kuna nini?"

"Sikwambii. Kasome mwenyewe."

"Mama!"

"Na wewe usithubutu kuniambia kama atakufa!"

Tulicheka, jamani. Tulicheka mpaka akajiegemeza kwenye lundo la mashuka safi, nikamfukuza, akarudi akaegemea bega langu. Tukaanza kusimuliana. Yeye anaipenda ile bustani ya barafu. Mimi naipenda mishumaa. Yeye anamchukia yule mzee mtunza funguo wa jumba, mimi namwonea huruma. Sijui tulikaa muda gani. Najua chai ilipoa na hakuna aliyeinywa.

Halafu nikauliza. "Kitabu hiki umepewa na nani?"

Kicheko kikakatika.

"Na mtu."

"Mtu asiyetoka mchana?"

Akafumba macho. "Mama Redio."

"Namuuliza mwanangu, sijamtaja Mama Redio."

"Mama, ni mwoka mikate," akasema. Na alivyolitamka neno lile, mikate, ungedhani anamtaja mfalme. "Anafanya kazi bekari, zamu ya usiku. Mkate mnaokula asubuhi unadhani unajioka? Mchana analala, ndiyo maana kaziba madirisha. Uso mweupe ni unga. Na koti ni kwa sababu anatoka kwenye joto la tanuri anakutana na baridi ya alfajiri. Basi. Hakuna jingine."

"Mlionana wapi?"

Akaanza kutabasamu bila kutaka. "Alikuja dukani kununua dawa ya kuungua. Mikono yake ina alama za tanuri. Kesho yake akaja tena, dawa ya kuungua. Siku nyingine tena. Nikamwambia, kaka, tube uliyoinunua jana umeila? Akasema, 'Dada, nyumbani ninazo za kutosha bekari nzima. Ila sijui kitu kingine cha kununua hapa.'"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mama hachekeshwi hivi hivi.

"Na kitabu?"

"Unga ukishakandwa lazima usubiri uumuke. Wenzake wanajinyoosha juu ya magunia. Yeye anasoma. Kila jioni kabla hajaingia kazini ananisindikiza mpaka njia panda, ananisimulia alipofika. Alipomaliza akanipa." Akaurekebisha utepe wa kitabu. "Anataka kuleta wazee wake, mama. Lakini amesema hawaleti mpaka wewe useme ndiyo kwa mdomo wako mwenyewe. Hataki kupitia kwa mtu."

Hapo ndipo ile hofu yangu ya kweli ikainuka. Haikuwa ya Bwana wa jumba wala ya kivuli. Niliijua kwa jina lake.

"Hapana," nikasema.

"Mama, hujamwona!"

"Sina haja ya kumwona. Mwanaume wa usiku! Wewe hujui. Mimi nimeolewa na dereva wa malori. Nimelala miaka mingi, nusu ya kitanda ikiwa baridi. Mlango ukigongwa na upepo nafikiri ni habari mbaya. Wewe ukiumwa homa naamka peke yangu, nakubeba peke yangu. Nimeapa mwanangu hatayaona hayo."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikunja magoti akaketi chini karibu na kikapu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, akasema taratibu, "Ukisema hapana, sitakutoroka. Nitamwambia, na nitakaa hapa na wewe. Lakini useme ukiwa umemwona. Usimkatae kwa maneno ya jirani."

"Mwambie aje Jumapili," nikasema. "Saa sita mchana. Jua la utosini."

"Mama, saa sita mchana kwake ni usiku wa manane!"

"Basi anayekupenda ataamka."

Jumapili nilimwita na wifi yangu, dada wa marehemu, maana shangazi wa mtoto hawezi kurukwa katika jambo kama hili. Wifi ni mwanamke mwenye umbo na sauti. Alifika mapema, akakaa kwenye kiti kikubwa, akapepea kanga yake.

"Haya, huyo popo wenu yuko wapi?"

"Shangazi, jamani!" binti yangu akalia kutoka jikoni.

"Nimekosea nini? Anayelala mchana akaruka usiku anaitwaje?"

Mimi nilikuwa jikoni nakoroga supu. Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo palipo na onyo langu. Sikuwa nimepanga. Supu ilikuwa imeshaiva, chumvi yake sawasawa. Nikapakua bakuli la mgeni. Nikaliangalia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la chumvi, ukachota, ukamwaga. Nikasema, haiwezi kudhuru. Ukachota tena.

Saa sita ikagonga na hodi ikapigwa uani.

Nikatoka. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kavaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, macho mekundu ya usingizi, kashika kifurushi cha mkate mikononi kwa heshima kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa anapepesa macho kwa jua mithili ya mtu aliyefunuliwa shuka ghafla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nikatazama chini miguuni pake.

Hakuwa na kivuli.

Nikatazama tena. Hakuna kitu, udongo mtupu. Nikashika kamba ya kuanikia nguo nisianguke. Kisha nikatazama miguu yangu mwenyewe. Na mimi sina. Ndoo haina. Kuku wa Mama Redio aliyekuwa anapita hana. Ndiyo saa niliyoichagua mwenyewe, jua la utosini, halimwachi mtu na kivuli.

"Karibu ndani," nikamwambia.

Hakuingia! Alisimama kizingitini, kainama. Nikahesabu pumzi zangu. "Karibu, baba, karibu ndani," nikasema mara ya pili, na hapo hapo akaingia. Miguu mitupu. Alikuwa anafungua kamba za viatu.

Akamsalimia wifi kwa kupiga goti kidogo. Wifi akamwangalia kutoka juu hadi chini na chini hadi juu. Kisha binti yangu akatoka jikoni na trei, na wale wawili wakatazamana.

Mtazamo wenyewe haukuchukua muda. Hakuna aliyetabasamu. Lakini yule kijana, ambaye usingizi ulikuwa unamvuta kama mtu anayevutwa shati, aliamka. Uso wote uliamka. Nikawaza ile mishumaa, nikajikemea.

Bakuli likatua mbele yake. Akachota kijiko cha kwanza.

Macho yakamjaa maji. Kijiko kikabaki hewani. Akanitazama mimi, akalitazama bakuli, akatazama mlango alioingilia. Halafu, wenzangu, akashusha kijiko akachota tena. Na tena. Akala kimya kimya, jasho linamtoka, mpaka bakuli likawa jeupe.

"Ahsante, mama," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Supu yako ina nguvu."

"Nguvu gani hiyo ya kumtoa mtu jasho?" Wifi akanyoosha mkono wake mrefu, akapitisha kidole ndani ya bakuli, akalamba. Uso wake ukajikunja wote. "Wifi! Umemwagia bahari nzima? Unataka kumuua mtoto wa watu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Binti yangu alinitazama, na nikaona anaelewa, taratibu, kitu kimoja kimoja. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Mama, hukufanya hivyo."

Yule kijana alikuwa amekunywa maji birika zima. Akafuta mdomo. "Na pale uani ulitazama kivuli," akasema kwa upole.

Nikaanza kufuta meza ambayo haikuwa na tone.

"Na mlangoni ulinikaribisha mara mbili."

"Ulikuwa hujaingia!"

"Nilikuwa navua viatu, mama." Na sasa kicheko kilikuwa kinamtikisa mabega. "Nilipoonja tu nikajua umefika kwenye sura ya chumvi. Nikasema nisipoimaliza hii, mama hatalala leo."

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Binti yangu alikaa chini kabisa, trei mapajani, anacheka machozi. Mimi nilijifunika uso kwa kanga, nacheka humo ndani. Wifi peke yake ndiye aliyekuwa anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta nzi.

"Chumvi gani? Kivuli gani? Mbona mnacheka wenyewe kama wehu?"

Tukamsimulia. Wote watatu kwa mpigo, tunakatana maneno. Kijana akasimama kumwonyesha Bwana anavyosubiri mlangoni. Binti yangu akafanya sauti ya ngazi. Mimi nikaeleza mishumaa, maana hiyo nisingemwachia mtu. Wifi kwanza alisema upuuzi. Kisha kanga ikaacha kupepea. Kisha akavuta kiti.

"Ngojeni. Kwa hiyo bibi wa kwanza hakufa? Ndiye yumo kwenye kile chumba?"

"Shangazi, ngoja, mama bado hajakimaliza!"

"Basi mwambieni aharakishe!"

Vicheko vilipotulia nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamgeukia kijana. "Nikuulize. Yule Bwana alimpenda msichana, sawa. Lakini akamficha kile chumba. Wewe unaonaje?"

Aliweka bilauri chini. Alijua siulizi habari za kitabu.

"Mimi nilimkasirikia, mama. Niliacha kusoma siku mbili. Ukimpenda mtu unamwonyesha vyumba vyote, hata kibaya. Afadhali akimbie mapema." Akasugua alama moja ya tanuri mkononi. "Cha kwangu kibaya ni usiku. Sitakudanganya kwamba nitapata kazi ya mchana. Mikate ni ya usiku, na ndiyo kazi ninayoijua na ninayoipenda. Atalala peke yake siku nyingi."

"Baba yake alisema hivyo hivyo," nikamwambia.

"Ameniambia habari za baba. Lori linaondoka na mtu wiki nzima, mama. Mimi nipo hapo nyuma ya soko, mtu akipiga hodi bekari nasikia. Yeye akitoka dukani jioni ndiyo mimi naamka. Tutakaa meza moja, kwake chakula cha jioni, kwangu chai ya asubuhi. Na yeye akiamka ndiyo mimi narudi. Usiku siwezi kukuahidi. Lakini asubuhi na jioni, zote ni zake."

Wifi akakohoa. "Na akiumwa usiku?"

"Nitauzima moto niende kwake, shangazi. Watu watakula viporo siku hiyo."

"Na mkubwa wako?"

"Atanifukuza. Halafu atanirudisha, maana hajui kuwasha lile tanuri."

Wifi akataka kuuliza jingine, akaingia jikoni kwanza kujipakulia supu ya sufuria, isiyo na ugomvi. Aliporudi, maswali mdomoni, kijana alikuwa amelala. Hapo hapo kitini, kichwa kimeangukia bega, mikono imefunguka magotini. Saa yake ya usiku wa manane ilikuwa imemshinda.

"Loo," wifi akanong'ona. "Popo kazima."

Jua lilikuwa limeanza kusogea dirishani, mwale mmoja umempiga usoni. Sikumwambia binti yangu neno. Aliinuka mwenyewe, akapita kwa ncha za vidole, akavuta pazia. Halikutosha. Akachukua shuka moja kwenye kikapu changu, shuka la mteja, safi, nimelipiga pasi asubuhi ile, akalitundika dirishani. Chumba kikawa na giza la upole. Akasimama pale akimtazama anavyopumua, na mimi nikamtazama yeye.

Nilikuwa sijawahi kumwona mwanangu akiwa na utulivu ule. Hakuwa msichana anayemngoja mtu mlangoni. Alikuwa mwenye nyumba anayefunga madirisha yake.

Alipoingia jikoni nikamfuata. Alikuwa ameshika ukingo wa beseni la vyombo kwa nguvu, hanitazami.

"Akiamka," nikasema, "mwambie alete wazee wake."

Aligeuka. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka aliyelala, akaimeza. Akanirukia shingoni, tukashikana, tukaanza kuzunguka pale jikoni bila sauti, miguu mitupu, tunagonga sufuria na kuziwahi zisianguke. Wifi alichungulia mlangoni, akatuona, akaweka bakuli lake chini akaja kuzunguka na sisi.

Sasa akina mama wenzangu, nimesema naandika ili kuonya, na onyo langu ni haya ya kuepuka:

Epuka kusoma ukiwa na pasi ya moto mkononi.

Epuka kuinua godoro la mwanao. Ukishaliinua, epuka kujifanya hukuinua.

Epuka kumpima mkwe kwa chumvi. Kuna wenye presha.

Epuka kumhukumu mtu kwa saa anazolala. Muulize kwanza anafanya kazi gani.

Epuka kumwambia jirani mkasa wa kitabu nusu nusu. Ataumalizia mwenyewe, na hutaupenda.

Epuka kumwazima wifi kitabu kabla hujakimaliza. Changu mpaka leo sijarudishiwa.

Epuka kumpa mwanao hofu yako aivae. Haikushonwa kwa kipimo chake.

Na epuka kuchelewesha jibu ukishalijua. Mwanao yuko jikoni, anakusikiliza unavyopumua.